Kelele Si Ukocha

Wapo wanaodhani kwamba kumsimamia rafiki katika mashindano ya kunyanyua vyuma ni kumpigia kelele tu: "Ongeza! Unaogopa nini?" Mimi nawapinga. Mchezo huu una minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma kutoka kifuani ukiwa umelala benchini, na kukiinua kutoka sakafuni. Kila mmoja una majaribio matatu. Ukikosa yote matatu katika mnyanyuo mmoja, huna jumla, umetoka. Na uzito uliokushinda haupunguzwi. Utaurudia uleule, au zaidi.

Sasa mwambie rafiki yako aanze na kilo 200 alizowahi kuzipata mara moja tu mazoezini! Jumamosi moja nilimwandikia mwenzangu 170 za kuanzia, wakaniita mwoga. Jaribio la tatu alichuchumaa na 195, taa tatu nyeupe.

Baada ya kila jaribio kuna dakika moja ya kutaja uzito unaofuata. Dakika hiyo si ya mashabiki. Wao wakikosea hurudi nyumbani na hadithi. Yeye kapoteza miezi. Anayetaka kupiga kelele akakae na watazamaji. Huku nyuma anatakiwa mtu wa kushika maji na kukaza mkanda.