Fundi, usirudishe laptopi isiyoona wifi

Kuna neno moja ambalo mafundi wa mashini hapa Bunia wamezoea kuwaambia wateja: "Kadi ya wifi imekufa." Mteja ameleta laptopi nzito, imejaa virusi. Fundi anaifomati, anaweka Windows mpya, halafu alama ya wifi haionekani tena. Jioni mteja anaombwa pesa nyingine ya kununua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Mimi nasema tuache mchezo huo. Kadi iliyofanya kazi asubuhi haifi kwa sababu umefomati diski. Kufomati kunafuta programu, hakuchomi vyuma.

Kinachokosekana mara nyingi ni piloti, ile programu ndogo inayoifundisha Windows kuzungumza na kadi. Windows 10 inakuja na piloti nyingi ndani yake lakini si zote, na Windows 7, ambayo bado tunaiona kwenye mashini za zamani, ina chache zaidi. Windows 11 ndiyo inasumbua kupita zote: katikati ya kazi ya kuiweka, inataka kwanza uingie kwenye intaneti. Na intaneti utaingiaje kama piloti ya wifi haipo? Watu wanakwama hapo siku nzima.

Kwa mtu mwenye mshahara, huo ni usumbufu tu. Lakini fikirini familia iliyokimbia Djugu na sasa inaishi Kigonze au kwa ndugu mjini. Laptopi ni moja. Kijana anaandikia humo kazi yake ya mwisho wa masomo, dada yake anachapa barua za watu apate pesa ya unga, na humo ndimo zilimo picha za karatasi za shamba waliloliacha. Kuwalipisha mara mbili kwa kosa ambalo si lao, hapo mimi siwezi kunyamaza.

Basi, kabla ya kutoa pesa, angalieni wenyewe. Kwanza, kibodi. Laptopi nyingi zina kitufe chenye alama ya ndege au ya mnara, kinachobonyezwa pamoja na Fn. Nyingine za zamani zina swichi ubavuni. Mtoto akiigusa, wifi inazimika. Kama siyo hiyo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, fungua Gestionnaire de périphériques. Ukiona Contrôleur réseau yenye alama ya njano, furahi: mashini inaiona kadi, inakosa piloti tu. Ingia Propriétés, kisha Détails, tafuta namba za utambulisho wa kifaa. Baada ya VEN kuna herufi na tarakimu nne. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Sasa unajua unatafuta piloti ya nani. Ipakue kwa simu, kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopi, ukifuata modeli iliyoandikwa chini ya mashini, kisha ihamishe kwa waya. Zile tovuti zinazoahidi piloti zote bure, ziogopeni. Virusi vingi vinapita hapo.

Njia nyingine ni rahisi zaidi, lakini inakula mega. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio yake, washa Partage de connexion via USB. Kwenye Windows 10 mara nyingi laptopi inapata intaneti palepale, bila wifi yoyote, na Windows Update inaweza kuleta piloti yenyewe. Ila ikimaliza kuleta piloti, chomoa haraka! Ukiiacha, itaanza kushusha masasisho makubwa na forfe yako ya wiki itaisha kabla hujafungua hata barua moja. Baadaye, ukiunganishwa na wifi ya simu, iwekee Connexion limitée.

Na kuna hali mbili zinazodanganya hata mafundi wazuri. Laptopi inaona wifi za jirani lakini haioni ya simu yako: huenda simu inatuma kwa 5 GHz na kadi ya zamani inajua 2,4 GHz peke yake. Badilisha kwenye simu. Au imeunganishwa vizuri lakini kila ukurasa unasema si salama: tazama saa. Betri ndogo ya ndani ikiisha, mashini inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti zinakataa.

Najua mafundi watanijibu kwamba umeme unakatika, mega ni ghali, na mteja anataka mashini leo. Ni kweli, na wengi wao wanafanya kazi katika hali ngumu. Lakini kuhifadhi piloti kabla ya kufomati hakuombi hata mega moja. Kama Windows ya zamani bado inawaka, tengeneza folda kwenye fleshi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika: dism /online /export-driver /destination:E:\piloti (badala ya E weka herufi ya fleshi yako). Ni dakika chache. Katika dakika hizo hizo muulize mteja faili zake ziko wapi, uzinakili. Piloti inapatikana tena. Picha ya karatasi ya shamba haipatikani.

Nanyi wateja, mkiacha mashini msilipe yote. Siku ya kuichukua, iwasheni pale pale mbele ya fundi, muunganishe na simu, mfungue ukurasa mmoja mpaka mwisho. Ndipo mtoe pesa iliyobaki.