KODI MARA MBILI KWA NYUMBA MOJA



Neno kodi lina maana mbili katika lugha yetu. Iko kodi inayokatwa katika mshahara kabla hujaushika, na iko kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba huja kuidai mwisho wa mwezi. Serikali ikiuza jumba la ofisi lililojengwa kwa kodi ya kwanza, kisha ikabaki humo humo kama mpangaji, italipa kodi ya pili. Zote mbili zatoka katika mfuko wako.

Wako mabwana wanaosema Serikali haina kazi ya kuwa na majumba. Wanasema majumba yamezeeka, lifti zimekwama, mabomba yanavuja, basi afadhali apewe tajiri ayatunze. Sisi tunauliza: fedha za kutengeneza lifti zilipotolewa, nani alizipokea? Mtu akiacha nyumba ibomoke ili aiuze kwa bei ya kibanda, huyo hatumwiti mwenye busara.

Tulitazame jumba la KICC pale Nairobi, ambalo kila mtu analijua. Ujenzi ulianza mwaka wa 1967 na jumba likafunguliwa mwaka wa 1973, nao wakubwa wa Benki ya Dunia wakafanya mkutano wao humo mwaka huo huo. Fedha zilikuwa za umma. Lakini kwa miaka mingi chama cha KANU kililishika kama mali yake, hata Serikali mpya ilipolirudisha mwaka wa 2003. Hapakuwa na mnada wala dalali. Jumba la umma laweza kuondoka mikononi mwa wananchi bila kelele yo yote.

Halafu mwezi wa Novemba 2023 Wizara ya Fedha ikatangaza mashirika 11 ya kuuzwa, na KICC likiwa mojawapo. Watu wakaenda mahakamani. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria ya ubinafsishaji ya mwaka wa 2023 ni batili, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa, na kwamba KICC ni jumba la kumbukumbu ya taifa linalolindwa na sheria. Lakini msilale. Mwezi wa Oktoba 2025 sheria nyingine ya ubinafsishaji ilitiwa sahihi. Mlango uliofungwa na mahakama umefunguliwa tena, na kazi yetu ni kusimama hapo mlangoni.

Mtu asituambie kwamba hakuna kanuni. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa ila kwa njia ya sheria ya Bunge. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka wa 2015 inataka kila ofisi iwe na kamati ya kuamua mali ipi iondolewe. Inataja njia: kuipa ofisi nyingine ya umma, kuiuza kwa tenda iliyo wazi, au kuiuza kwa mnada wa hadhara. Inakataza mali hiyo kuuziwa wafanya kazi wa ofisi ile ile, wadogo kwa wakubwa, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Tena sheria hiyo inasema juu ya vitu vilivyochakaa, vilivyopitwa na wakati, au vilivyozidi mahitaji. Je, ofisi iliyojaa makarani, na foleni ya wananchi imefika barabarani, imezidi mahitaji ya nani?

Kanuni zikirukwa, twajua mwisho wake. Mwaka wa 2008 hoteli ya Grand Regency, iliyokuwa mikononi mwa Benki Kuu, iliuzwa kwa kampuni ya Libya bila tenda ya wazi. Bunge likapitisha azimio la kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, naye akatoka wizarani. Lakini hoteli ilikuwa imekwisha kwenda. Waziri alitoka, mali haikurudi.

Sasa wengine watasema: hatuuzi, tunakodisha tu. Ndugu, jihadharini na neno hilo. Ukimkodisha mtu kwa miaka 5, kwa bei ya soko, na kodi ikipandishwa kila baada ya muda, hapo umekodisha kweli. Ukimkodisha kwa miaka 99 kwa bei ya chai, umemuuzia, ila umeona haya kulitamka neno lenyewe. Mtoto wa mtoto wako atazeeka kabla jumba halijarudi.

Na mfanya kazi je? Jumba linapobadili mwenyewe, wa kwanza kuonyeshwa njia ni mfagiaji, mlinzi wa usiku, tarishi na fundi wa mabomba. Mwenye jumba mpya huleta kontrakta wake na mshahara wake mdogo. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2007 inasema wazi: mwajiri akitaka kupunguza watu, lazima akiarifu chama chao na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na kumlipa kila mtu si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Atakayeambiwa Ijumaa asije Jumatatu, na aje chamani siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo tunadai haya:

1. Jumba lo lote la Serikali lisiuzwe wala kukodishwa kabla ya kutangazwa magazetini na kubandikwa mlangoni pake, kwa Kiswahili pia.

2. Bei ya mthamini asiye na upande itangazwe kabla ya tenda.

3. Majina ya wenye kampuni inayonunua yatajwe. Hatutaki jina la kampuni tu, tunataka watu.

4. Serikali ionyeshe hesabu: itapata kiasi gani leo, na italipa kodi kiasi gani kwa miaka 20 ijayo.

5. Chama cha wafanya kazi wa jumba hilo kiitwe mezani kabla ya sahihi kutiwa.

Makatibu wa matawi, kila mmoja aandike orodha ya majumba ya Serikali katika mji wake, na nani yumo ndani. Haki ya kuomba habari hizo imo katika Katiba na katika sheria ya mwaka wa 2016. Ombeni kwa barua, mweke nakala, na mtuletee majibu. Mkinyimwa majibu, tuleteeni habari hiyo pia, nasi tutaichapa hapa.

Umoja ni nguvu.