Umeuza Ndai kwa Mos Mos, Sasa Msee Ameacha Kulipa? Rada Iko Hivi

Ingia kwa group yoyote ya kuuza magari sai uhesabu ni post ngapi zimeandikwa "deposit kwanza, balansi tuongee". Kitambo hii ilikuwa stori ya yard. Siku hizi ni ya kila msee ako na Vitz ama Demio na anataka kuiondoa haraka, na sababu haijajificha. Julai 2023 ushuru wa kuingiza gari ulitoka asilimia 25 ukafika 35. Mwanzo wa 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Alafu Julai 2025 KRA ikaleta orodha mpya ya bei zenye inatumia kukadiria ushuru. Gari ya kutoka Japani ikawa ya wenyewe. Wengine wote wakarudi kutafuta ile imeshatembea barabara za hapa, na wengi wao hawana pesa yote kwa mpigo. Kuna wale wanataka ndai ya kuweka kwa app za teksi, ijilipe yenyewe kila wiki.

Sasa, yard iko na wakili, iko na tracker, iko na watu wa kufuata gari hadi Busia. Wewe uko na foolscap na simu.

Tuseme umeuza ndai 650,000. Msee anakupea 300,000, mnaandikiana, baki italipwa 50,000 kila mwezi kwa miezi saba. Mwezi wa kwanza pesa inaingia tarehe moja asubuhi, na emoji ya maombi juu. Mwezi wa pili inaingia tarehe kumi na mbili. Wa tatu anatuma 15,000 na stori ya mathe yake ako hosi. Wa nne ni blue tick tu. Wa tano simu iko mteja. Umelipwa 415,000, unadai 235,000, na ndai iko mahali Nakuru inabeba abiria.

Kitu ya kwanza watu hufanya ni kukimbia stesheni. Karao anaskiza, anafunga OB, anakuambia "hiyo ni civil, enda kortini." Wengi hutoka hapo wakidhani alikuwa anataka kitu kidogo. Inaweza kuwa, lakini kwa hii moja sheria iko upande wake. Penal Code ikiongelea kuchukua mali ya mtu kwa udanganyifu, inaongelea uongo kuhusu kitu kilishatokea ama kiko sai. Ahadi ya "nitalipa mwezi ujao" ni ya kesho. Akikosa kuitimiza, hilo ni deni, si jinai. Ikiwa alikuonyesha message feki ya M-Pesa, ama alitumia kitambulisho cha mtu mwingine, hapo sasa kuna kesi ya polisi na usikubali kufukuzwa.

Na usidanganyike na cheki. Watu wanajua kuandika cheki ya account haina pesa ni makosa, so wanaitisha cheki saba, moja ya kila mwezi, wanalala fofofo. Shida ni kwamba hiyo sehemu ya sheria inasema waziwazi haigusi cheki imeandikwa tarehe ya mbele. Zile cheki saba ni ushahidi mzuri wa deni, basi.

Stori ya pili ni ya logbook. "Logbook bado iko jina langu, so gari ni yangu." Hii ni ukweli nusu, na hiyo nusu ingine ndio inauma. Traffic Act inasema mwenye jina liko kwa logbook atachukuliwa kuwa mwenye gari mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na jamaa ako na karatasi umesaini mwenyewe ukisema umemuuzia! Kwa sheria ya kuuza bidhaa, umiliki unahama wakati nyinyi wawili mlikubaliana uhame. Kama karatasi imenyamaza, anaweza kusema gari ilikuwa yake siku ile uliachilia ufunguo, na wewe umebaki msee anamdai pesa.

Alafu hiyo logbook inaweza kukugeukia. Akigonga mtu wa boda kule Nakuru, wakili wa boda anafanya search ya NTSA na jina inatokea ni yako. Unaweza kutoka kwa hiyo kesi, korti zimeshakubali kwamba jina kwa rekodi si lazima liwe la mwenye gari halisi. Lakini utatoka baada ya kuandika wakili na kuonyesha karatasi, na kama insurance iliisha mwezi wa tatu, jasho itakutoka. So kuficha logbook kumkaba mnunuzi ni sawa, bora ujue na wewe umejikaba kiasi.

Spare key nayo? Hii ndio plan ya kila group ya WhatsApp. "Enda usiku, washa, leta home." Kama mkataba wenu hausemi unaweza kuchukua gari akikosa kulipa, jamaa ataamka aende stesheni yake aseme gari imeibwa, na utakuwa unaeleza ukiwa ndani. Hata kama unasema, kuchukua na vita ni kesi ingine. Na kama karatasi yenu ni ya hire purchase, kuna mstari mwingine: mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, huwezi chukua gari bila kupitia korti. Kwa mfano wetu theluthi mbili ni kama 433,000. Huyu wetu amelipa 415,000. Akituma 20,000 leo usiku, amevuka. Zaidi ya hapo, hire purchase yenyewe inafaa kusajiliwa, na sijaona foolscap imesajiliwa.

Mahali penye naona msee wa kawaida ako na nguvu ni Small Claims Court. Ilianza kazi 2021 pale Milimani, na sai iko kaunti nyingi. Inaskiza madai ya hadi 1,000,000, na 235,000 inatoshea hapo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kabla uende, mtumie barua ya kudai, useme kiasi na siku ya mwisho ya kulipa. Beba M-Pesa statement, maana inaonyesha alikuwa analipa kidogo kidogo na akaacha lini. Chat za WhatsApp pia, hasa ile ya mathe na hosi, kwa sababu hapo alikubali deni kwa mkono wake. Usifute hata moja, ata zile umemtusi.

Jiandae kwa jibu lake, na karibu kila mara ni moja: "Gari ilikuwa mbovu, engine iliknock." Hapa muuzaji binafsi ako na afadhali. Mtu hafanyi biashara ya magari hawekwi kiwango cha yard kuhusu ubora, mnunuzi ndiye alifaa kuleta fundi wake. Isipokuwa ulidanganya. Kama ulirudisha kilomita ama ulisema haijawahi pata ajali na ilibingirika, usiingie kortini na kifua.

Ukishinda unapewa amri, na amri si pesa. Ndio maana ni muhimu kujua anafanya kazi wapi, ako na account gani, gari inalala wapi. Ukiwa na hizo, auctioneer mwenye leseni anaweza fuata mali, ama korti iguse pesa yake kwa benki. Bila hizo umeshinda kwa karatasi.

Kwa wale bado hawajauza: andika kwa mkataba kwamba gari ni yako hadi shilingi ya mwisho, na kwamba unaweza kuichukua akikosa. Alafu kuna kitu watu wengi hawajui. Tangu 2017 kuna sheria ya dhamana za mali inayohamishika, na usajili wake unafanywa online kupitia eCitizen. Benki na kampuni za mkopo wanaitumia kila siku, lakini haijakatazwa kwa msee wa Umoja mwenye Demio. Ukisajili deni lako hapo, mtu anataka kununua hiyo ndai kutoka kwa jamaa akitafuta ataona jina lako. Usiposajili, na jamaa aipitishe kwa mtu wa tatu mwenye hakujua stori yenu, huyo wa tatu anaweza kukaa nayo kihalali, na wewe utabaki ukitafuta yule wa simu iko mteja.