Tumbili wa Mikumi na kinga inayojua kupumzika

WASAFIRI wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia wanaifahamu vyema Mikumi. Barabara hiyo inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa kwa takriban kilometa 50, na kabla ya kuingia mji mdogo wa Mikumi, wilayani Kilosa, nyani na tumbili huonekana kando ya lami wakisubiri maganda ya ndizi yanayorushwa kutoka kwenye mabasi.

Kwa macho, wanyama hao ni wazima. Hata hivyo, tumbili wengi barani Afrika huishi na SIV, virusi vya jamii moja na VVU. Mwaka 1994 watafiti walithibitisha kuwa nyani mmoja katika hifadhi mojawapo nchini alikuwa na SIV ya tumbili, yaani virusi vilikuwa vimevuka kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine.

Tumbili mwenye SIV kwa kawaida haugui UKIMWI, ingawa virusi hujaa katika damu yake. Sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, hawana bahati hiyo. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa walioambukizwa SIV ya sokwe walikabiliwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao.

Jeni za kinga za wanyama hawa na za binadamu zinafanana kwa sehemu kubwa. Kinachotofautiana zaidi ni namna zinavyowashwa na kuzimwa. Tafiti nyingine za mwaka 2009 zilibaini kuwa SIV inapoingia, tumbili huwasha kwa nguvu jeni za interferoni, ambayo ni kengele ya hatari ya mwili, kisha huzizima ndani ya wiki chache. Kwa makaku, kima wa Asia ambao huugua, kengele hiyo haikomi, na mwili huchakaa kwa kupigana bila kupumzika.

Mwaka 2021 wanasayansi walilinganisha damu ya binadamu, sokwe, nyani na makaku. Binadamu na sokwe waliwasha jeni nyingi zaidi, kwa nguvu zaidi, bila kuchagua sana kama adui ni bakteria au virusi. Ukali huo una gharama: huenda ndiyo sababu sumu kidogo ya bakteria, ambayo nyani huistahimili, humwangusha binadamu.

Kwa hiyo afya ya tumbili barabarani haimhakikishii abiria chochote. SIV ya tumbili haijulikani kumsababishia binadamu UKIMWI, na hakuna sababu ya kumchukia mnyama huyo. Lakini VVU vilivyoenea duniani vilitoka kwa sokwe wa Afrika ya Kati, nao pia walikuwa wakionekana wazima. Kulisha wanyama hifadhini kumekatazwa, na dirisha la basi linafungika.