MGENI NA APEWE JEMBE

Tarehe 15 Septemba, 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alishinda mbio za maratoni za dunia. Baada ya kilometa 42 na zaidi, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo ijulikane kuwa Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini yafaa tuulize: huyo Mjerumani aliyekaribia kumpita ndugu yetu alijinoa wapi? Petros, ambaye alizaliwa Eritrea, amefanya mazoezi mengi Iten, katika nyanda za juu za Kenya. Hewa iliyompa nguvu ni hewa ya Afrika Mashariki.

Iten iko juu kiasi cha meta 2,400. Huko hewa ni nyepesi, na mwili wa mkimbiaji akaaye siku nyingi huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba hewa hiyo. Kwa sababu hiyo wageni kutoka Ulaya na Marekani huenda kuishi huko, wakakimbia asubuhi pamoja na wenyeji. Mo Farah wa Uingereza alikuwa mmojawapo. Hatuwaonei kijicho. Mlima haupungui kwa kukimbiliwa. Swali letu ni moja tu: mgeni akiisha kuondoka, mwenyeji abaki na nini?

Wazee wetu walijibu zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Yuko mgeni aliyelipokea jembe hilo. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland akaja shule ya St Patrick's, Iten, kufundisha jografia. Hakuwa mwalimu wa mbio. Alijifunza kazi hiyo kwa kuwatazama wanafunzi wake na kuishi nao, kisha akakaa miaka na miaka. Katika mikono yake alipita David Rudisha, ambaye mwaka 2012 huko London alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mgeni wa namna hiyo ni ndugu.

Lakini iko na njia nyingine. Kijana Mkenya Stephen Cherono, mwaka 2003, alipewa uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen. Mwaka ule ule, huko Paris, alishinda mbio za meta 3,000 za kuruka viunzi na maji, na bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Qatar. Hatumlaumu kijana anayetafuta riziki. Twailaumu hali inayomfanya mtoto wa Afrika aone kwamba kipaji chake hakina thamani mpaka kinunuliwe na tajiri wa mbali.

Sisi wa Mkoa wa Songwe twaijua hadithi hiyo bila kuambiwa. Buni ya Mbozi hupakiwa mbichi, ikaenda kukaangwa ng'ambo, na faida kubwa ikabaki huko huko. Tusikubali kuuza miguu ya vijana wetu kama tunavyouza buni.

Wako watakaosema, "Tunduma na mbio wapi na wapi?" Kweli, wageni tuliowazoea hapa ni madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Zambia. Wala hatudai kuwa Tunduma ni Iten. Sisi tuko chini kuliko wao. Lakini Vwawa na Tunduma ziko juu ya meta 1,500, baridi ya asubuhi tunayo, vilima vya Ileje tunavyo, na watoto tunao. Hatusemi kila mtoto wa mlimani ni Simbu. Twasema hatutamjua aliye Simbu mpaka tumpe uwanja na mwalimu.

Tena historia yetu yatufundisha. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina waliishi makambini katika nchi hii wakijenga reli ya TAZARA, ile inayopita hapa Tunduma. Walifanya kazi bega kwa bega na vijana wetu na wa Zambia. Walipoondoka, reli ilibaki, na walibaki pia Waafrika waliojifunza kazi. Hicho ndicho kipimo cha mgeni mwema.

Kwa hiyo, hata kabla mkufunzi wa ng'ambo hajafika kwetu, yafaa tuyaweke masharti yetu mezani. Kwanza, asiishi ndani ya ua uliofungwa. Akae na watu, akimbie na vijana. Pili, kila siku awe na walimu wetu wawili pembeni, mwanamume na mwanamke, ili siku ya kuondoka elimu yake isiondoke naye. Tatu, mtoto asitie sahihi karatasi yoyote pasipo wazazi wake, na pasipo viongozi wa riadha kuisoma kwanza.

Lakini jembe si la mgeni peke yake. Mwenyeji asiyelima hana haki ya kumkabidhi mwenziwe mpini. Ndugu wanachama, katika matawi yenu ulizeni: shule yetu ina uwanja uliopimwa meta 400? Kiwanja cha michezo kimelindwa, au kimekwisha kumegwa viwanja vya nyumba? Wasichana nao wanaruhusiwa kukimbia, au huitwa jikoni? Vijana wana njia ya vumbi iliyo salama, au hukimbia kandokando ya malori katika barabara kuu? Kupima uwanja kwa kamba na chokaa hakuhitaji mfadhili. Kwahitaji Jumamosi moja na watu wenye nia.

Simbu alishinda kwa sekunde 0.03. Wageni wanajifunza upesi, na hewa yetu hawatoisusa. Tukilala, safari ijayo hizo sekunde zitakuwa zao.

Mgeni na aje. Atukute shambani.