Protini Chache Zisidharauliwe

Mwanafunzi hufundishwa kuwa protini za mitokondria ya mmea hutengenezwa kwenye saitoplazimu, kwa maelekezo ya jeni za kiini, kisha huingizwa ndani. Kwa protini nyingi, ni kweli. Hata hivyo, mitokondria ina jeni na ribosomu zake, nazo hutengeneza protini chache humo humo. Mwaka 1970 kuvu iliangamiza mahindi mengi nchini Marekani, kwa kuwa protini moja ya aina hiyo iliifanya mitokondria idhuriwe na sumu ya kuvu hiyo. Binadamu naye ana ribosomu hizo: linezolidi, dawa ya kifua kikuu sugu, huzizuia, na mgonjwa huweza kupata ganzi miguuni. Mwalimu anayeziruka humnyima daktari wa kesho maarifa ya lazima.