Msichanganye karata na kamari



Wakati tulipokuwa tunatayarisha kijitabu hiki, mzee mmoja alisimama mu mkutano akasema: "Andikeni wazi: ile michezo ya karata batoto banachezaka ku telefone njo kamari. Ikatazwe!" Wengi walipiga makofi. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi hatukupiga. Mzee wetu tunamheshimu, na uchungu wake tunauelewa. Lakini neno lake tunalikataa, na inafaa tueleze juu ya nini tunalikataa, sababu jambo hili linagusa namna wankambo wetu walivyoelewa mchezo.

Mu kartie yetu kuko baba mmoja aliyevunja telefone ya mtoto wake wa miaka 14 mbele ya majirani. Kosa la mtoto: alikuwa anacheza ishirini na moja, mchezo ambao Wafaransa wanauita vingt-et-un na Wamarekani blackjack. Siku hiyohiyo, mu mfuko wa shati ya yule baba, kulikuwa tikiti tatu za pari ya mpira. Hatusemi hivi kwa kumcheka. Tunasema sababu wengi wetu tuko sawa naye: tunaona karata, tunaogopa; tunaona mpira, tunalipa.

Mchezo wenyewe ni nini?

Tuuangalie kwanza ule mchezo wa mtoto. Ni programu ndogo, ya zile zinazotengenezwa na mtu mmoja ao wawili mu nyumba yao, pasipo kampuni kubwa nyuma. Hauombi mega, hauombi namba ya banki, hauna matangazo. Unapoufungua, unakupa jetoni 100 za bure. Zikiisha, unabonyeza fasi moja na unapata zingine 100. Ni hivyo tu. Watu wanaucheza dakika tano wakingoja basi ao maji yachemke.

Sheria zake mtoto anazishika siku moja. Unapewa karata mbili, na banki inajipa mbili, moja ikiwa imefunikwa. Karata zenye sura za watu zinahesabika 10 kila moja, na asi inahesabika 1 ao 11, namna inavyokufaa. Unaweza kuomba karata ingine, ao kusimama. Ukipita 21, umekufa. Banki haina uhuru: sherti ivute mpaka ifike 17, kisha inasimama.

Mtoto anayecheza namna hii anafanya hesabu kila mara. Ana 16: avute ao asimame? Kuko aina 13 za karata, na 8 kati yazo, kuanzia 6 mpaka mfalme, zitamuua. Akiwa na 12, ni aina 4 tu zinazomuua, zile zinazohesabika 10. Tunajua walimu wanaotafuta mwaka mzima namna ya kuingiza hesabu ya sehemu mu kichwa cha wanafunzi, na hapa mtoto anaitafuta yeye mwenyewe.

Hata wenye elimu kubwa waliukalia mchezo huu. Mwaka 1956, Roger Baldwin na wenzake watatu wa jeshi la Marekani walichapisha hesabu ya namna bora ya kuucheza, waliyoitafuta kwa mashine za kujumlisha. Mwaka 1962, mwalimu wa hesabu Edward Thorp alitoa kitabu Beat the Dealer, kinachoonyesha kwamba mtu anayekumbuka karata zilizokwisha toka anaweza kuishinda kazino. Makazino yalishtuka na kuanza kulinda meza zao. Mtu anayesema mchezo huu ni upuuzi, aulize kwanza juu ya nini matajiri waliuogopa.

Swali moja tu: nani anakula?

Sasa tufike ku kiini. Kwa kujua kama mchezo ni kamari, msiangalie picha za karata. Ulizeni swali moja: ninaposhindwa, nani anakula?

Ku meza ya kazino jibu linajulikana. Watu wanafikiri banki inashinda kwa bahati ao kwa uchawi. Hapana. Inashinda sababu mchezaji anavuta wa kwanza. Ukipita 21, makuta yako yamekwisha kwenda. Kama kisha banki nayo ingepita 21, haikusaidii kitu. Wawili mnaweza kufa, lakini mrithi ni mmoja. Na bado hawakutosheka. Zamani, aliyepata 21 kwa karata mbili za kwanza alilipwa 3 kwa 2: aliyeweka 10 alipata 15. Mu miaka ya 2000, mu Las Vegas, meza nyingi zilianza kulipa 6 kwa 5: aliyeweka 10 anapata 12. Karata ni zilezile, nguo ya meza ni ileile ya kijani, lakini mfuko wa mchezaji umetobolewa zaidi.

Ku ule mchezo mdogo wa telefone, nani anakula mtoto anaposhindwa? Hakuna. Jetoni zinarudi fasi zilipotoka. Basi kamari iko wapi?

Wankambo walijua tofauti hii

Kuko wanaotuambia: "Desturi yetu haikujua mambo ya namna hii." Wanajidanganya. Baluba walicheza kisolo, ubao wa safu nne za mashimo na mbegu za kuhesabu. Aliyeshinda kisolo aliondoka na jina, na aliyeshindwa aliondoka na maneno ya watu waliosimama pembeni. Mchezo ulikuwa shule ya akili, na wazee hawakuona haya kukaa chini ya mti mchana mzima.

Tena tuende kwa Wakuba, mu Kasai. Mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, ana sanamu yake ya mbao, ndop, ambayo iko British Museum ya London tangu 1909, ilipoletwa na Mhungaria Emil Torday. Kila mfalme wa Kuba ana alama yake mbele ya miguu ya sanamu. Ya Shyaam si mkuki, si ngoma: ni ubao wa mchezo, ndugu wa kisolo. Na mapokeo aliyoyaandika Torday yanasema nini? Kwamba watu wa Shyaam walikuwa wamelewa kamari, na yeye aliwafundisha mchezo ule kusudi waiache.

Ndugu zetu, msome vizuri hapo. Mfalme mwenye hekima hakusema "msicheze". Aliona kwamba mkono unaotaka kucheza hautaacha kutaka, akaupa mchezo ambamo hakuna anayekula mali ya mwenzake. Kisha akakubali akumbukwe kwa ubao ule.

Wanatuambia: "Inafundisha hamu"

Kuko neno moja la wapinzani ambalo lina uzito: "Leo anacheza bure, kesho atazoea, kesho kutwa atatafuta meza ya makuta." Hatulitupi. Kuko watoto wenye mwili wa kushikwa upesi, na mzazi sherti akae macho.

Lakini ona hofu hii inavyoongoza watu vibaya. Mwaka 2024 ulitoka Balatro, mchezo wa karata za poka uliotengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Hauchezewi makuta hata kidogo. PEGI, shirika la Ulaya linaloweka alama za umri ku michezo, liliupa alama 18 sababu eti unaonyesha mambo ya kamari. Mu Machi ya mwaka ule maduka mengine yaliuondoa kwa muda. Wakati huohuo, EA Sports FC, mchezo wa mpira unaouza pakiti za bahati kwa makuta ya kweli, ulikuwa na alama 3! Ilingoja Februari 2025 ndipo Balatro ishushwe mpaka 12, kiisha rufaa. Unaona? Hata kule Ulaya, wenye ofisi na sheria, walifanya sawa na yule baba wa kartie yetu: waliona karata, waliogopa, waliona mpira, walipitisha.

Adui tunamjua

Hatusemi kila mchezo wa karata ku telefone ni mzuri. Ile inayokupa jetoni za bure leo, na zikiisha inakuuzia zingine kwa makuta, hiyo ni mtego. Mu Machi 2018, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua juu ya Big Fish Casino, mchezo wa namna hii, mu kesi ya Kater na Churchill Downs. Kampuni ilijitetea kwamba jetoni zake hazina bei, kwani haziwezi kubadilishwa kuwa makuta. Mahakama ilikataa: kama mtu hawezi kuendelea kucheza pasipo jetoni, na sherti azinunue, basi zina bei, na ni kamari kufuatana na sheria ya jimbo la Washington. Ni swali letu lilelile: nani anakula?

Basi tunawaomba wazazi: kabla ya kuvunja telefone, kaa karibu na mtoto, cheza mara kumi. Jetoni zikiisha, uone kitakachotokea. Zikirudi bure, mwache acheze, na umuulize juu ya nini amesimama ku 16. Mchezo ukiomba makuta, uufute mbele yake na umwonyeshe sababu. Kisha toa na wewe tikiti zako mu mfuko.

Kwa vijana nao tuko na neno. Mchezo huu wa ishirini na moja una upungufu mmoja ambao kisolo hakikuwa nao: unachezwa peke yako, kichwa chini, na hakuna mtu pembeni wa kukwambia "hapo umekosea". Pitisheni telefone mkono kwa mkono, mmoja avute, mwingine ashauri. Na ninyi mnaojua kuandika programu, kama mtu mmoja wa Kanada aliweza kwa karata za poka, ninyi mnangoja nani kwa kisolo? Wazee wanaojua sheria zake bado wako, lakini kila mwaka wanapunguka. Nendeni mkakae nao sasa, mkiwa na daftari.

Mzee wetu wa mkutano, tunakuomba radhi kama tumesema kwa ukali. Njoo siku moja tucheze, kisolo ao karata, namna utakavyochagua. Hatutaweka makuta.